Kabla ya kuuliza mshahara, uliza viza: Nilichokiona Khon Kaen kwa binti yangu mwalimu

Ilipofika saa mbili kamili asubuhi, spika za shule zilipiga wimbo wa taifa na kila kitu kikasimama. Mfagiaji aliacha ufagio. Mama aliyekuwa anauza maziwa ya soya getini aliacha kumimina. Watoto zaidi ya elfu moja walisimama wima kwenye mistari, na mimi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kutoka Morogoro, nikajikuta nimebana mikono ubavuni kama niko mstarini kwetu mwaka 1985. Mbele yao, karibu na mlingoti wa bendera, alikuwa amesimama binti yangu.

Ilikuwa Juni, katika mji wa Khon Kaen, kaskazini mashariki mwa Thailand. Binti yangu anafundisha Kiingereza huko tangu 2023. Alinikatia tiketi kwa akiba yake ili nikaone anapoishi, lakini sikwenda kutembea tu. Mdogo wake wa kiume, ambaye amemaliza stashahada ya ualimu, alinipa swali nilibebe: "Mama, na mimi niende nchi gani?" Tulikuwa tumeuza kiwanja chetu cha Mkundi, na fedha zilikuwa benki zikisubiri jibu.

Najua swali hili si la nyumba yangu peke yake. Mzazi mwenzangu, kama una kijana aliyesomea ualimu na kila wiki anafungua tovuti ya ajira za serikali bila kuona jina lake, huenda naye ameshakuambia habari za kwenda kufundisha Kiingereza nje. Ndiyo maana naandika. Sisi tulianza vibaya, na nusura tulipie kosa lile kwa fedha na pengine kwa mtoto.

Tulianza na mshahara

Jioni ile binti yangu alipoleta wazo hilo, mume wangu alichukua daftari, akachora mistari na kuandika majina ya nchi: Korea Kusini, Japani, China, Oman, Thailand. Mbele ya kila nchi akaandika mshahara aliousikia. Iliyokuwa na tarakimu kubwa zaidi ikawekewa alama ya vema. Tukalala tukiwa na furaha.

Furaha haikuvuka wiki. Binti yangu alianza kusoma masharti ya kila nchi, na daftari la baba yake likaanza kufutwa mstari mmoja mmoja.

Korea Kusini ilikuwa ya kwanza kufutwa. Viza yao ya walimu wa lugha ya Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Hawakuulizi umefaulu vipi wala unaongea vipi. Wanaangalia rangi ya pasipoti. Kwa Mtanzania, Mkenya au Mganda mlango huo umefungwa, hata awe na shahada tatu.

China nayo inataka mwalimu wa lugha ya kigeni afundishe lugha yake ya kuzaliwa, awe na shahada, na kwa kawaida uzoefu wa miaka miwili. Isitoshe, Julai 2021 serikali yao ilibana vituo binafsi vya masomo ya ziada, na walimu wengi wa kigeni waliokuwa wanategemea vituo hivyo wakapoteza kazi. Wapo waliokuwa wanamwambia binti yangu aende kwa viza ya masomo kisha afundishe kimyakimya. Baba yake alisema neno moja tu: "Hapana."

Japani ilituumiza zaidi kwa sababu ilikaribia. Wao wanakubali mwalimu asiyetoka nchi za Kiingereza, ila aonyeshe kwamba alisoma kwa Kiingereza angalau miaka 12. Tukahesabu kwa vidole. Darasa la kwanza hadi la saba alisoma kwa Kiswahili, tena darasa la tatu nilimfundisha mimi mwenyewe. Kidato cha kwanza hadi cha sita ni miaka sita. Chuo kikuu miaka mitatu. Jumla tisa. Mzazi ambaye mtoto wake alisoma shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza, hesabu yako itatoka tofauti, na Japani inaweza kuwa mlango wenu. Kwetu haikuwa.

Oman tuliiandika kwa sababu ya jirani yetu, mzee mwenye asili ya Zanzibar. Wajomba zake walikwenda huko baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ughaibuni warudi kujenga nchi. Waliotoka Zanzibar walikuwa wanajua Kiingereza, na kiliwapa kazi maofisini na mashuleni. Lakini wale walirudi kama wenyeji. Na tangu mwaka 1988 Oman ina sera ya kuwaweka raia wake kwenye nafasi zilizoshikwa na wageni, kazi za ualimu zikiwamo. Mlango uliowapokea wajomba haukuwa umebaki wazi vile vile kwa wapwa.

Ikabaki Thailand, ambayo ilikuwa na mshahara mdogo kuliko zote daftarini.

Wakala na viza ya utalii

Kabla hatujaifikiria vizuri, akatokea mtu. Alikuwa wakala, mwenye suti na maneno mazuri. Alisema anaweza kumpeleka binti yetu Thailand ndani ya wiki tatu kwa shilingi milioni nne. Angeingia kwa viza ya utalii, "atabadilishiwa huko huko," na gari lingempokea uwanja wa ndege kumpeleka shuleni.

Nilimuuliza jina la shule. Akasema ataletewa akifika.

Nakiri kwamba mimi nilitaka kulipa. Miaka miwili ya kumwona mtoto wako msomi akiuza vocha inakufanya usiulize maswali mengi. Aliyekataa ni binti mwenyewe. Alisema, "Mama, wewe umefundisha miaka 34. Uliwahi kuingia darasani bila barua ya kupangiwa kituo?"

Miezi michache baadaye tukaanza kusikia kwenye redio habari za vijana wa Kenya, Uganda, Ethiopia na nchi nyingine walioahidiwa kazi nzuri Thailand, wakapokelewa Bangkok kwa gari, kisha wakavushwa mpaka kuingia Myanmar. Huko eneo la Myawaddy, ng'ambo ya mji wa Mae Sot, walifungiwa kwenye majengo na kulazimishwa kutapeli watu mitandaoni. Serikali ya Kenya ilitoa onyo hadharani mwaka 2022. Februari 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi waliokolewa kutoka kwenye majengo hayo. Sisemi yule wakala wetu alikuwa mmoja wao. Nasema tu kwamba aliyoyaahidi yanafanana na waliyoahidiwa wale: viza ya utalii, gari la kupokea, na kazi isiyo na anwani.

Njia aliyoifuata binti yetu ilikuwa ndefu na ya kuchosha. Thailand inataka mwalimu wa Kiingereza awe na shahada. Asiyetoka nchi za Kiingereza huongeza matokeo ya mtihani wa lugha, kwa kawaida alama 5.5 za IELTS au 600 za TOEIC. Alifanya IELTS Dar es Salaam, na kwa ada yake nilivunja kibubu. Akachukua cheti cha polisi cha kutokuwa na makosa. Akatuma maombi shule nyingi, wengine hawakumjibu, wengine walipoona picha wakanyamaza. Shule moja ilimhoji kwa video mara mbili, kisha ikamtumia mkataba na barua zenye mihuri. Kwa barua hizo akapanda basi hadi ubalozi wa Thailand, Nairobi, akaomba viza ya kazi. Kuanzia siku aliyotuma maombi ya kwanza hadi siku aliyopanda ndege ilikuwa miezi saba.

Barabara ya Urafiki

Nilisafiri kupitia Addis Ababa hadi Bangkok. Mzazi atakayekwenda akumbuke cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Sisi tunaotoka Tanzania na Kenya tunapitia kwanza dawati la afya kabla ya dawati la uhamiaji, na nilimwona baba mmoja akirudishwa pembeni kwa sababu alikiacha kwenye begi kubwa.

Kutoka Bangkok hadi Khon Kaen ni kilomita 450 hivi kwa barabara. Tulipanda basi asubuhi na kufika mchana umekwisha. Barabara inaitwa Mittraphap, maana yake urafiki, na ilijengwa kwa msaada wa Marekani miaka ile ya vita baridi. Nikacheka peke yangu nikikumbuka kiwanda chetu cha nguo cha Urafiki pale Dar es Salaam, ambacho tulijengewa na Wachina. Wakubwa wakigombana, kila mmoja hutafuta marafiki kwa kujenga kitu.

Baada ya kupanda vilima, nchi inanyooka na kuwa tambarare. Huku ndiko Isan, eneo la wakulima. Mvua zilikuwa zimeanza, na mashamba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji hadi kingoni. Watu wameinama na kofia pana, mgongo juu. Kwa mtu anayeijua Kilombero, hakuna la kuelezwa hapo.

Mjini tulipanda gari dogo wanaloliita songthaew, maana yake safu mbili. Ni pikapu yenye mabenchi mawili nyuma, abiria wanatazamana magoti kwa magoti. Wenye umri wangu wataelewa nikisema ni chai maharage ya Dar ya zamani, imepakwa rangi upya. Usiku ule tulikula wali unaonata, unaokuja kwenye kikapu kidogo cha mianzi. Unachukua tonge kwa vidole, unalikanda, unachovya. Pembeni kuna saladi ya papai bichi lililotwangwa kwenye kinu kwa pilipili, ndimu na mchuzi wa samaki. Pilipili yao ni ya adhabu. Lakini kuona watu wanakula kwa mkono, wanacheka, na kinu kinalia jikoni, kulinipunguzia hofu niliyokuja nayo.

Ticha na dinosaria

Shule ilinipa ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa. Wanafunzi 44, miaka kumi na miwili hivi, viatu vimepangwa nje ya mlango. Binti yangu alipoingia waliunganisha viganja kifuani na kuinamisha vichwa, kisha wakasema kwa pamoja, "Good morning, Teacher," kwa sauti ya kuimba kama watoto wangu wa darasa la tatu.

Khon Kaen ni mji wa dinosaria. Mifupa yao ilichimbuliwa wilaya ya Phu Wiang, na sanamu zao zimewekwa hadi barabarani. Binti yangu aliitumia hiyo. Alichora ramani mbili ubaoni, Thailand na Tanzania, akawauliza dinosaria wao aliishi wapi. Wakataja. Kisha akaweka alama Lindi, pale Tendaguru, akawaambia kwetu pia wamo, na mmoja mkubwa sana amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin. Mtoto mmoja wa nyuma, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu mwanzo, akanyoosha mkono na kuuliza kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika: "Teacher, why Berlin?"

Darasa lilikaa kimya. Binti yangu naye alikaa kimya kidogo, halafu akatabasamu na kusema hilo ni swali zuri kuliko yote ya wiki. Akalijibu polepole, kwa maneno mepesi, habari za wakati Wajerumani walipotutawala.

Nilifundisha muda mrefu, najua kumtambua mwalimu. Kile alichokifanya pale hakifanywi na lafudhi. Anayejifunza lugha kwa shida, kama binti yangu alivyojifunza kuanzia kidato cha kwanza huku mwalimu akielezea nusu kwa Kiswahili, anajua mwanafunzi anakwama wapi, kwa sababu na yeye alikwama pale pale.

Yasiyopigwa picha

Picha anazotuma nyumbani ni za ziwa na maua. Siku ya nne nikamwomba anionyeshe mengine.

Tulikwenda jioni kwenye ziwa la Bueng Kaen Nakhon, katikati ya mji, tukapanda hekalu la Wat Nong Wang lenye ghorofa tisa. Juu kabisa kuna upepo na mji wote unaonekana. Tulikaa pale, akaniambia.

Analipwa baht 25,000 kwa mwezi, karibu milioni mbili za kwetu. Kijana mmoja kutoka Ulaya aliyekuja mwaka huo huo, ambaye hakusomea ualimu, analipwa 35,000 kwa vipindi vile vile. Walimu kutoka Ufilipino, ambao ni wengi sana huko, wako kundi lake. Aliuliza mara moja ofisini kwa adabu, akajibiwa kwamba wazazi wanapenda "mzawa wa lugha". Wapo wazazi waliolalamika mwezi wa kwanza kwamba shule imeleta Mwafrika. Wawili kati yao leo wanamlipa awafundishe watoto wao—hapana, akanisahihisha haraka nilipolirudia hilo kwa furaha—waliomba, akakataa, kwa sababu kibali chake kinataja shule moja tu na akifundisha kwingine anavunja sheria.

Akanionyesha kijitabu cha bluu, kibali cha kazi. Ndani limeandikwa jina la shule. Akiacha kazi, kibali kinakufa na ukaazi unakufa nacho. Kila siku 90 lazima aripoti uhamiaji anapoishi. Baraza la walimu la nchi hiyo limempa ruhusa ya muda ya miaka miwili kufundisha bila leseni yao, na kuirefusha kuna masharti. "Mama, mimi hapa ni kama mpangaji," alisema. "Nalipa vizuri, nasalimia vizuri, lakini nyumba si yangu."

Nilimuuliza kwa nini basi asirudi.

Alihesabu. Chumba baht 4,500. Chakula cha kawaida si ghali. Anakatwa kidogo kwa ajili ya hifadhi ya jamii, na ana kadi ya hospitali. Kila mwezi anabakiza kiasi, na mkataba wake unalipa miezi 12. Hapa alisisitiza, maana wenzake walioajiriwa kupitia mawakala wa huko wengi hulipwa miezi kumi au kumi na moja, na likizo ya Machi hadi katikati ya Mei wanaimaliza kwa mikopo. "Nina mpango wa miaka minne," akasema. "Nikirudi nitakuwa na uzoefu ambao shule yoyote ya kimataifa Dar itausoma. Ila sikai hapa kwa sababu wananipenda. Nakaa kwa sababu karatasi zangu ni safi na nalala usingizi."

Saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa ukapigwa tena. Kule chini, kando ya ziwa, watu waliokuwa wanakimbia mazoezi wakasimama walipo. Nasi tukasimama. Ulipokwisha alifuta macho kwa ncha ya kitenge changu, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo.

Ua la bilinganya

Alhamisi ile shule ilikuwa na wai khru, siku ya kuwaheshimu walimu. Kila shule nchini huifanya mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Wanafunzi hutengeneza sinia za maua kwa mikono yao. Aina tatu za mimea hazikosekani. La kwanza ni ua la bilinganya, ambalo huinama, maana yake unyenyekevu. La pili ni nyasi zinazotambaa, ambazo hukatwa na kukanyagwa lakini huota tena haraka, maana yake ustahimilivu. La tatu ni ua jekundu dogo lenye ncha kama sindano, maana yake akili kali.

Walimu walikaa jukwaani kwenye viti. Wanafunzi walikuja kwa magoti, wawili wawili, wakawakabidhi maua. Binti yangu alikuwa kiti cha mwisho, wa kwanza kutoka mlangoni. Yule mtoto wa swali la Berlin alikuja na sinia yake, akainama mpaka paji la uso likakaribia sakafu.

Sikuweza kujizuia. Nimefundisha miaka 34, nimelala nyumba za walimu zisizo na milango, nimedai malimbikizo mpaka nikastaafu. Sikuwahi kuinamiwa namna ile. Siku hiyo niliwaza kwamba kuna malipo ambayo mume wangu hakuyaandika daftarini. Lakini pia niliwaza kwamba maua yale hayakumwongezea baht moja kwenye ule mshahara wa 25,000. Mambo yote mawili ni kweli, na mzazi anayemshauri mwanawe lazima ayabebe yote mawili.

Jibu la mdogo wake

Niliporudi Morogoro, mwanangu wa kiume alinipokea stendi ya Msamvu. Hakuuliza habari ya safari. Alisema, "Niende wapi?"

Nikamwambia, "Kwa sasa, popote hapana."

Alikasirika, na sikumlaumu. Lakini hana shahada. Thailand haitampa kibali. Nchi nyingi tulizozisoma hazitampa. Atakayemwambia inawezekana atakuwa anamwuzia kitu kile kile tulichouziwa na wakala: njia ya kujificha. Nikamwambia fedha za kiwanja zitalipa ada ya shahada, si tiketi. Alikaa siku mbili hasemi nami. Siku ya tatu aliniomba namba ya dada yake. Sijui walichozungumza, ila muhula uliofuata alijiunga na Chuo Kikuu Huria, huku akifundisha kwa mkataba shule binafsi hapa hapa mjini.

Tumemwachia milango mingine ya kuitazama wakati anasoma. Rwanda ilihamia Kiingereza kama lugha ya kufundishia tangu 2008, na walimu kutoka Kenya na Uganda walifuata nafasi huko. Mshahara si wa Asia, lakini ni safari ya basi, na raia wa Afrika Mashariki anaingia bila viza, ingawa kibali cha kazi kinabaki lazima. Upo pia mpango wa Fulbright ambao huchukua walimu vijana wa Kiingereza kutoka nchi kama zetu na kuwapeleka vyuo vikuu vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, wakafundishe Kiswahili. Hapo ndipo pasipoti ile ile iliyofungiwa Korea inakuwa sifa. Kijana wangu ana Kiswahili kizuri. Nimemwambia asikidharau.

Kwa mzazi ambaye leo usiku ataulizwa swali hilo, maswali yangu ni haya, na ninakuomba uyafuate kwa mpangilio huu huu.

Kwanza, je, sheria ya nchi hiyo inamruhusu mwenye pasipoti ya mwanao kufundisha Kiingereza? Uliza ubalozi wa nchi yenyewe, maana masharti hubadilika, na usimuulize anayetaka kulipwa.

Pili, ana nini mkononi? Shahada, matokeo ya mtihani wa lugha, cheti cha polisi, na idadi ya miaka aliyosoma kwa Kiingereza. Watoto wawili wa nyumba moja wanaweza kuwa na majibu mawili tofauti, kama wangu.

Tatu, shule inaitwaje na iko wapi? Mwajiri wa kweli ana jina, anwani na simu ya ofisini inayopokelewa. Anayesema "ataambiwa akifika" mwache aende zake.

Nne, ataingia kwa viza gani? Ikiwa ni ya utalii, mazungumzo yameishia hapo.

Tano, mkataba unalipa miezi mingapi, na akiugua nani anagharamia?

Mshahara ni swali la sita.

Lile daftari la mume wangu bado lipo kabatini. Majuzi nililifungua nikaona mstari wa Thailand, ule wa chini kabisa. Mbele ya tarakimu ndogo aliyoiandika mwanzo, ameongeza kwa kalamu nyingine maneno mawili: "Karatasi safi."